Meza Ikigongwa Mara Mbili

Mama alinisomea kioo cha kompyuta kwenye simu herufi moja moja, kwa ile sauti anayoitumia akichambua mchele na hataki kusemeshwa. R. O. Halafu O nyingine. T.

“Inataka ruti,” akasema. “Ruti ya kwenda wapi? Kompyuta nayo inasafiri?”

“Siyo ruti ya basi, mama. Huo ni mzizi. Mfumo una mzizi wake, na mzizi una nywila. Ndiyo inayoulizwa hapo.”

“Haya. Wewe ndiye uliyeipanda.”

Nilicheka. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, nami nilikuwa ofisini, mwendo wa saa nne kutoka nyumbani, simu nimeibana kati ya sikio na bega huku vidole vikiendelea na kazi ya watu. Nilicheka kwa raha kabisa. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile najionea haya.

Kilichotokea nyumbani kilikuwa kitu cha kawaida. Mama alitaka kumsagia baba chakula cha asubuhi. Soketi ya jikoni ilikuwa imeungua, kwa hiyo aliibeba mashine ya kusagia hadi sebuleni, akachomoa waya wa kwanza aliouona na kuchomeka wake. Waya ule ulikuwa wa kompyuta, na kompyuta ilikuwa katikati ya kazi niliyoiachia mwenyewe: kuzipanga faili za sauti ya baba, kuzitoa huku na kuzipeleka kule. Aliporudisha waya mahali pake, haikuwaka kama siku zote. Ilileta kioo cheusi chenye maandishi meupe, ikasema diski ina hitilafu, haiwezi kuendelea, na mwenye mamlaka aje airekebishe kwa mkono wake.

Baba alifundisha watu udereva kwa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi wake walimwita Breki, kwa sababu gari lake lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria na yeye hakuikanyaga karibu hata mara moja. Watu aliwasimamisha kwa mdomo. “Polepole. Hakuna anayetufukuza. Umeona nini mbele?” Hakukubali uondoe gari kabla hujamwambia umeona nini. Hata mimi bintiye alinifundisha vivyo hivyo, na tuligombana kila Jumamosi kwa miezi miwili mizima, maana mimi nilitaka kwenda.

Mwezi uliopita madaktari walimtoa zoloto, kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni, pamoja na uvimbe uliokuwa umeota humo. Uhai wake ulisalimika. Sauti haikusalimika, na tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba haitarudi. Ndiyo maana kabla ya upasuaji mtaalamu wa usemi wa hospitali alimpa orodha ya sentensi elfu moja na mia mbili azisome na kuzirekodi, ili baadaye kifaa kidogo kiweze kumsemea kwa sauti iliyo yake mwenyewe. Baba alisoma kwa siku kumi na moja, sebuleni, blanketi likiwa limeninginizwa dirishani kuzuia kelele za barabarani. Sauti yote ya baba iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya kompyuta ile kuukuu, ambayo mimi ndiye niliyeitia mfumo mwepesi wa Linux ili izidi kuishi.

Nakala ya pili haikuwapo. Kazini wananiita Bibi Nakala kwa jinsi ninavyowasumbua watu watunze nakala za kazi zao. Nakala ya baba nilisema nitaitoa Jumapili, na Jumapili ilipofika nikasema ijayo.

“Naandika hiyo nywila, lakini haiandiki,” mama alisema. “Kioo hakibadiliki.”

“Inaandika, ila haionyeshi. Ni siri.”

“Inanificha mimi, na mimi ndiye ninayeiandika?”

“Mama, tafadhali. Ni namba ya gari la baba, hakuna zaidi. Halafu bonyeza kile kitufe kikubwa.”

Ikakubali. Nikamtajia agizo la kukagua na kurekebisha diski: F, S, C, K. Akaniuliza neno gani hilo lisilo na irabu hata moja. Nikamwambia aache nafasi, aweke kile kistari kilichoegemea upande, na kadhalika mpaka mwisho. Simu yake ni ya vibonyezo, haipigi picha. Simu kubwa ya nyumbani ilikuwa kwenye droo yangu pale ofisini, nimeichukua kuibadilisha kioo, nayo ilikuwa na wiki mbili humo.

“Imeuliza swali,” mama alisema. “Kuna neno C, L, E, A, R, halafu alama ya kuuliza. Maana yake nini?”

“Safisha.”

“Nisafishe nini?”

“Uchafu, mama. Mabaki ya kule kuzimika ghafla. Sikiliza: kila ikiuliza, jibu ndiyo. Yatakuja maswali mengi, usiyasome. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka ikome.”

“Nisiyasome kabisa?”

“Utajichosha bure. Dakika mbili tu.”

Nikasikia kitufe kikibonyezwa. Kikabonyezwa tena. Mama alikuwa akitamka kwa sauti ya chini kila mara, “Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo,” kwa unyenyekevu wa mtu anayeapishwa. Kisha nikasikia mlio mwingine, mkavu, wa vifundo vya vidole kwenye mbao.

Ngo, ngo.

Tangu arudi kutoka hospitali baba alikuwa na lugha mpya. Kuandika kulimchosha, hivyo kwa mambo madogo aligonga meza: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

“Baba yako anagonga,” mama alisema. “Mara mbili. Hataki uji.”

“Mwambie asubiri, umalize kwanza.”

“Baba watoto, tulia basi, naongea na fundi.”

Ngo, ngo. Kitufe. Ngo, ngo. Nilizisikia vizuri zile ngo, ngo zake, na wakati huohuo nilikuwa namjibu mtu barua pepe. Mama akahesabu maswali arobaini na moja, kisha akaniambia imekoma, na chini kabisa kuna mstari unaosema bado kuna makosa. Nikamwambia aizime na kuiwasha upya. Tukangoja.

“Imerudi palepale,” alisema. “Kioo cheusi. Inataka tena ruti.”

Kwa mtu asiye wa kazi hii, habari ile haitishi zaidi ya ya kwanza. Kwangu ilikuwa na maana moja. Ukishaiambia mashine ndiyo mara arobaini na moja, irekebishe, isafishe, ifute inachoona kimeharibika, na bado diski ikabaki na makosa, basi diski yenyewe inakufa. Na vile ilivyofuta katika hizo ndiyo zote, imefuta. Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo mama aliniuliza mwanzoni nami nikalipuuza: alisafisha nini? Kazi iliyokatizwa ilikuwa ya kuhamisha faili za baba. Kama kulikuwa na kitu kilichoonekana kuwa uchafu kwenye diski ile asubuhi ile, kilikuwa ni hizo.

“Mama, izime. Usiiguse tena.”

“Niizime kwa kitufe au kwa waya?”

Aliuliza kwa sauti ndogo mno. Nikamwambia kwa kitufe, kwamba nakuja, na kwamba hajafanya kosa lolote. Hilo la mwisho nilijua kwamba hakuliamini.

Niliomba ruhusa, nikatia kwenye mkoba flashi yangu ya kazi na diski mbili tupu, nikashika barabara. Niliendesha vibaya. Kwenye kona ya kwanza nje ya mji nililipita lori mahali ambapo sikuona mbele, kisha nikajilazimisha kusimama pembeni. Nikiwa pale, taa za hatari zikimwekamweka, nilijaribu kumsikia baba. Nilitaka aniambie hakuna anayetufukuza. Maneno yalikuja, sauti haikuja. Niliyoisikia ilikuwa sauti yangu mwenyewe ikimwigiza, kama tulivyokuwa tukimwigiza utotoni akiwa hayupo. Nikajaribu tena, nikajaribu na salamu zake za asubuhi, na namna alivyokuwa akiita kutoka getini. Mwezi mmoja tu, na tayari nilikuwa nimeanza kumpoteza. Nililia pale kando ya barabara, kisha nikajikaza na kuondoka, na safari hii kila nilipotaka kulipita gari nilijiuliza kwa sauti nimeona nini.

Nilifika saa tisa kasorobo. Mama hakuja mlangoni. Alikuwa jikoni, amesimama mbele ya mashine ya kusagia aliyokwisha kuiosha, akiikausha kwa kitambaa ingawa ilikuwa kavu.

“Hospitali walimwachia kidogo,” alisema bila kunigeukia. “Nimekuja kukimaliza mimi.”

“Usiseme hivyo, mama.”

“Nilidhani ni waya wa feni.”

Nilimshika mabega. Alikuwa amekakamaa. Nikamwacha pale, nikaenda kwa baba.

Sebuleni baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na kompyuta, skafu nyepesi shingoni kufunika lile tundu analopumulia. Alinipa mkono. Kabla sijauachia, alinisukumia kiganjani karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniashiria kwa macho upande wa jikoni, kwamba mama asione. Niliikunjua nikiwa nimempa mgongo mlango.

*Usimgombeze. Alibonyeza N kila mara. Nilimzuia, hakunielewa. Hajui bado. Usimwambie.*

Niliisoma mara tatu. Halafu nikakumbuka ule mwito wa mashine unaofuata kila swali lake, y ikiwa ndiyo na n ikiwa hapana, herufi za lugha ya watu wengine ambazo mimi nimezizoea kiasi kwamba sizioni tena. Nilikuwa nimemwambia mama ajibu ndiyo. Sikumwambia herufi. Na mama, ambaye hakuwahi kukosea tahajia maishani mwake, alitafuta kwenye kibodi ndiyo inaanza na nini.

Baba alinitazama kwa wasiwasi. Aliamini kwamba kosa lile ndilo lililomalizia kila kitu, naye alikuwa amekaa nalo kimya tangu asubuhi ili mkewe asibebe mizigo miwili. Nilitaka kumwambia jambo papo hapo, lakini nilikwisha kusema mengi siku ile bila kuangalia. Nikachomeka flashi na kuiwasha kompyuta kutokea humo, ili diski yenyewe isiguswe, kisha nikachungulia.

Ilikuwa imejeruhiwa vilevile ilivyokuwa saa tatu na nusu. Hakuna kilichosafishwa. Mashine iliuliza mara arobaini na moja kama ifute, na mara arobaini na moja mama aliiambia isifute.

“Mama!” niliita. “Njoo. Asubuhi ulibonyeza herufi gani?”

Alisimama mlangoni na kitambaa chake. Baba akagonga mara mbili, kwa nguvu.

“Si ulisema ndiyo?” mama alisema, akitutazama kwa zamu. “N. Ningetaka hapana ningebonyeza H. Kwani ndiyo yenu siku hizi inaanza na nini?”

Nilicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo lilimtisha zaidi. Nikamweleza. Nilimweleza polepole, na nilipofika kwenye sehemu yangu sikuizunguka: agizo lilikuwa langu, nililitoa bila kusikiliza anachonisomea, na kama angelitii nilivyokusudia angekuwa amefuta. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba.

“Kwa hiyo hicho ndicho ulichokuwa unagongea wewe. Na mimi nikakunyima uji mpaka saa saba.”

Baba akagonga mara moja.

Lakini tulikuwa hatujapata kitu bado. Diski isiyofutwa siyo diski iliyopona. Nilitoa nakala mbili nzima za diski ile, na kazi hiyo peke yake ilikula saa moja na nusu, sisi watatu tukiangalia asilimia ikipanda. Nakala ya kwanza niliifanyia lile agizo langu la asubuhi, ndiyo kwa kila swali, kwa sababu nilitaka kujua. Katika sauti elfu moja na mia mbili zilibaki hamsini na tatu. Nilikaa nikiitazama namba ile. Wazazi wangu waliniuliza imekuwaje, nikawaambia ilikuwa majaribio tu.

Kwenye nakala ya pili nilivuta kiti cha baba kikawa ubavuni mwangu. Kila swali nililisoma kwa sauti na kulifasiri, na sikubonyeza kitu kabla sijasema nimeona nini. “Inasema sehemu hii inadaiwa na faili mbili. Inasema hii haijui ilitoka kabati gani.” Baba hakujua mambo ya diski. Ila alijua kumsikiliza mtu anayesema alichokiona, na pale nilipobabaisha aligonga mara mbili, nami nikarudi kusoma upya. Katika kurudi huko ndipo nilipokumbuka kwamba mfumo huu huficha ramani za akiba, za kuonyesha faili zilipo, sehemu kadhaa za diski, kwa ajili ya siku kama ile. Mashine ilikuwa na nakala, Bibi Nakala hakuwa nayo. Niliachana na ramani iliyoharibika, nikafuata mojawapo ya zile za akiba, na maswali yakapungua yakabaki tisa.

Saa kumi na moja na dakika chache faili zilijitokeza. Hazikuwa kwenye kabati la baba, yaani folda niliyoziwekea. Zilikuwa kwenye ile droo ambayo mfumo huweka vilivyopotea vikaokotwa, na hakuna iliyokuwa na jina. Badala ya “nina kiu” na “fungua dirisha” palikuwa na tarakimu tupu, faili elfu moja mia mbili na kumi na tisa. Nyingine zingekuwa za kukohoa na kukosea, hilo nilijua. Njia ya kuzitambua ilikuwa moja tu, kuzisikiliza zote.

Niliandika programu ndogo ya mistari michache. Ilikuwa icheze faili moja, kisha iulize kama ibaki au iondoke. Nilipofika kwenye swali vidole vyangu viliandika y na n kwa mazoea. Nikafuta, nikaandika upya.

“Kaa wewe,” nilimwambia mama.

“Mimi tena?”

“Wewe.”

Alijifuta mikono, akakaa mbele ya kibodi, akabonyeza kile kitufe kikubwa. Tulisikia mchakacho wa blanketi. Mtu akasafisha koo. Halafu sauti ya baba ikajaa sebuleni, nzito, yenye haraka kidogo, ileile ambayo kando ya barabara niliitafuta nikaikosa:

“Mama watoto! Hii inarekodi au hairekodi?”

“Inarekodi!” mama aliitikia, kwa sauti ya kumjibu mtu aliye chumba cha pili.

Akajishika mdomo. Kutoka ndani ya mashine, kwa mbali, mama wa mwezi uliopita naye alipaza sauti kwamba abonyeze hicho chekundu. Kisha ikaisha.

Haikuwa kwenye orodha ya hospitali. Mtaalamu wa usemi hakuwa na kazi nayo. Kwenye kioo swali lilikuwa limetokea, na mama hakuniuliza linasemaje. Alisogeza miwani, akalisoma mwenyewe mpaka mwisho, midomo ikitembea.

*Ibaki? N/H*

Baba aliinua kidole, akagonga meza. Mama alingoja kidogo, kichwa amekiinamisha, kusikia kama kuna mlio wa pili. Haukuja. Akabonyeza N.